Kumfundisha Mama Mkwe Kutembea Bila Kumgusa

Watu wa nyumbani kwetu Ng'ambo, Tabora, walipopata habari kwamba nimechaguliwa chuo kikuu kusomea fiziotherapia, walifurahi kwa muda wa kama dakika nne. Dakika ya tano jirani yetu, mama mmoja anayeuza vitumbua, akauliza hiyo fizio-nini ndiyo udaktari wa nini. Nikamweleza kwa ufasaha wote wa kijana aliyesoma kipeperushi: ni taaluma ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa viungo vyake kwa mazoezi. Alinisikiliza hadi mwisho, maskini, kisha akamgeukia mama yangu kwa sura ya kumpa pole. "Kumbe kukanda," akasema. "Si angebaki tu hapa hapa, maji ya moto yapo."

Basi nikawa mkandaji. Nilikaa darasani nikikariri misuli ya kidole gumba, ambayo ni mingi kuliko inavyostahili, na kila niliporudi likizo nilikuta foleni ya migongo inanisubiri barazani. Shangazi ana kiuno, baba mdogo ana bega, fundi seremala wa jirani ana goti linalolia kama mlango. Niliwaelekeza mazoezi, wakaitikia kwa heshima, na hakuna aliyefanya hata moja. Walichotaka ni mafuta ya nazi na nguvu za kijana. Wenzangu waliosomea maabara walikuwa na nafuu, maana wao angalau hakuna aliyewaletea choo chake sebuleni.

Mwaka wa tatu chuo kikatutawanya hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, yale tunayoyaita fildi, na mimi nikapangwa Tabora, nyumbani. Niseme hapa hali yangu ilivyokuwa, ili msomaji asidhani nilikuwa nacheza. Somo la vitendo nilikuwa nimeshalifeli mara moja. Mkufunzi wetu alinitazama nikimnyanyua mgonjwa, akaandika kwenye fomu kwamba ninamshika mtu kama ninayeomba radhi. Nikifeli mara ya pili nadisko, yaani natimuliwa chuo, hakuna mjadala, narudi Ng'ambo kupiga nyundo majiko ya mkaa na baba. Majiko ni kazi ya heshima na imetulisha wote. Ila baba alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe atavaa koti jeupe.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Unapewa mgonjwa mmoja aliyepata kiharusi, unakaa naye wiki sita, na mwisho mkufunzi anakuja kutoka chuo kuangalia unavyomtoa kitandani, unavyomsimamisha, unavyotembea naye. Fomu ina ukurasa mzima kuhusu mikono tu: umeshika wapi, umeshikaje, umeachia lini.

Hospitali niliyopangwa ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye vyuma viwili vya kushikilia, baiskeli isiyo na mnyororo, na picha ukutani ya mzee wa Kizungu mwenye afya njema akipanda ngazi zenye zulia. Alikuwa amepona nini sijui. Mwanafunzi nilikuwa peke yangu. Msimamizi wangu alikuwa mtaalamu aliyekaribia kustaafu, mtu mpole, mnywaji wa chai ya tangawizi tangu asubuhi hadi jioni. Miaka yote aliyowanyanyua wagonjwa ilikuwa imemmaliza mgongo, kwa hiyo mtaalamu wetu wa migongo alikuwa hawezi kuinua hata ndoo.

Mgonjwa wangu aliletwa na treni kutoka Bukene. Mama wa makamo ya kuelekea uzee, mkulima wa mpunga, upande wa kushoto umelala. Alifuatana na bintiye wa mwisho, msichana mwembamba mwenye mdomo mpana wa maneno. Siku ya kwanza nilimuuliza yule mama anataka nini, kama kitabu kinavyosema tuulize. Alinitazama kama niliyeuliza maji ni ya nini. "Nataka nishuke Bukene kwa miguu yangu," akasema, taratibu, maana na mdomo ulikuwa umevutwa kidogo. "Kubebwa nitabebwa siku yake ikifika."

Msimamizi akanivuta kando akaniambia wiki hizi za mwanzo ndizo zenyewe. Huyu akiachwa amelala, mguu utakakamaa, na baada ya hapo hata uite wataalamu wa dunia nzima, atakaa kwenye kiti mpaka mwisho. Sikulala vizuri siku hiyo.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Nilimshika bila woga. Nilimkalisha, nikamgeuza, nikamsogeza hadi ukingoni mwa kitanda, na mikono yangu haikumwomba mtu radhi. Nikajiona fundi. Siku ya tatu ndipo nilipoamua kujenga mahusiano mema na mgonjwa.

Chuoni tulikuwa na somo zima la mawasiliano. Msalimie mgonjwa, muulize ya nyumbani kwake, na wewe mweleze kidogo yako, ajisikie yuko na mtu. Nina hakika aliyeandika kitabu kile hajawahi kusalimiana na Mnyamwezi. Nikaanza na shikamoo, nikapewa marahaba. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kuonyesha kwamba koti jeupe halijanisahaulisha kwetu. Mama akafurahi. Akaitikia, akauliza mimi mtoto wa ukoo gani. Nikataja. Akauliza wa wapi, kabla ya mjini. Nikataja kijiji. Akauliza tumezaliwa wangapi. Kote huko nilikuwa nimemkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, ndiyo namna ya kumsimamisha mtu wa kiharusi, shavu lake liko karibu na bega langu, na mimi nazidi kumwaga habari nikizihesabia alama za mawasiliano.

"Kaka yangu mkubwa yuko Kahama," nikasema. "Anaendesha lori."

Mama akakakamaa mikononi mwangu. "Ana pengo hapa mbele?"

"Ee, mama! Unamfahamu?"

Binti aliyekuwa anakunja shuka akaiachia ikaanguka sakafuni. "Mungu wangu," akasema. "Shemeji!"

Kaka yangu alioa mwaka uliotangulia. Barua ilipelekwa, mshenga akaenda na kurudi, ndoa ikafungwa Kahama, na mimi siku hiyo nilikuwa nafanya mtihani wa misuli ya kidole gumba. Mke wa kaka nilimjua. Mama yake sikuwahi kumwona, na kwa desturi zetu sikutakiwa kuwa na haraka ya kumwona. Mama mkwe wa kaka ni mama mkwe wako. Humpi mkono. Hamkai mkeka mmoja. Hamli pamoja. Hata kuongea mnaongea kwa kupitia mtu wa tatu, macho chini. Na mimi, msomi, nilikuwa nimemkumbatia kiunoni siku ya tatu hiyo.

Nilimrudisha kitandani namna gani sikumbuki. Nakumbuka alivyovuta kanga kwa ule mkono mzima akajifunika uso wote, akageukia ukutani. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Msimamizi, baada ya kumaliza kikombe, alisema tusubiri aje mgonjwa mwingine wa kiharusi nibadilishiwe. Yaani nikae kwenye benchi nimwombee mtu wa Tabora apooze. Na hata akija, wiki zangu zitakuwa zimekwenda, na yule mama atakuwa amelala tu anakakamaa, kwa kuwa msimamizi mwenyewe hawezi kumnyanyua.

Jioni nikawaeleza nyumbani. Mama akaziba mdomo kwa viganja vyote. "Umemshika wapi?"

"Kiunoni."

"Kiunoni!"

Baba akazima redio. Baba huwa hazimi redio hata kwa msiba. "Mkono mmoja," akauliza, "au yote?"

"Yote, baba. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Chuo kikuu," akasema baba, akaenda kulala. Asubuhi wakamtuma mjomba aende wodini na kuku wa kuomba msamaha. Kuku aliishia getini. Mlinzi alisema utaratibu hauruhusu mifugo, na mjomba akarudi naye kwapani.

Msamaha wa maneno ulipita getini lakini, kwa sababu siku iliyofuata yule binti alinifuata kwenye korido nilikokuwa nimejificha nikijifanya napanga mafaili. "Shemeji, mama anauliza," akasema, mdomo unamcheza kwa kicheko. "Wewe ukikaa nyuma ya pazia, huko huko, maneno yako hayafiki?"

Ndipo ikaanza tiba ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Tulikuwa na pazia la kijani la magurudumu. Mama upande ule na bintiye, mimi upande huu na uso wangu kwenye kitambaa. Na kwa kuwa siruhusiwi kumsemesha moja kwa moja, kila amri ilibidi ipite kwa binti, ingawa tulikuwa tumetengana kwa hatua mbili na wote tunasikia.

"Mwambie avute goti."

"Mama, anasema uvute goti."

"Mwambie nimevuta."

"Shemeji, anasema amevuta."

"Nimesikia! Mwambie avute tena."

"Mama, shemeji anafoka."

Na kwa shemeji, jamani, desturi imefungua milango yote. Mama mkwe usimguse, ila mdogo wa shemeji yako anaruhusiwa kukutania mpaka utamani kulia. "Shemeji, huko nyuma umelala?" "Shemeji, mama anasema sauti yako nzuri, ungekuwa mwadhini." Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kulalamikia maumivu, wakawa wanasubiri saa yetu kama tamthilia. Mimi nilikuwa nachemka. Nilikuwa na wiki tano za kuokoa shahada na mguu wa mtu, na kumbe nimekuwa kichekesho cha wodi.

Nilichokuwa nacho ni masikio. Nikajifunza mlio wa ndala ya kushoto inayoburuzwa na mlio wa ndala ya kushoto inayonyanyuliwa. Nikajua pumzi yake inavyobadilika anapotaka kukata tamaa. Binti naye alikuwa mwembamba kama nilivyosema, hana nguvu ya kumnyanyua mama yake hata nusu, kwa hiyo mama hakuwa na mtu wa kumning'inia. Mimi ningemwinua kama gunia, nimpeleke hatua kumi, niandike kwamba mgonjwa ametembea. Sasa ilibidi ajiinue. Wiki ya tatu alisimama. Nilisikia kitanda kikilia, kisha kimya, kisha binti akasema kwa sauti ya chini, bila utani hata chembe, "Shemeji, amesimama." Nilishika pazia kwa mikono miwili. Wiki ya sita alikuwa anakwenda kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, binti ubavuni, mimi nikimfuata kwa nyuma ya kitambaa nikisukuma magurudumu.

Siku ya mtihani akaja mkufunzi yule yule, na fomu ile ile. Nikamweleza habari ya ukwe, kwa adabu, kwa kifupi. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyesoma nje.

"Mila nzuri sana hiyo," akasema. "Tuitunze. Lakini hapa kwenye fomu sioni sehemu ya mila, naona sehemu ya mikono." Akalisukuma pazia mwenyewe hadi ukutani.

Mama akavuta kanga, akajifunika uso. Mkufunzi akamwomba binti asogee pembeni, apishe wataalamu. Binti akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata namna ya kulipamba. Niliwaza majiko ya mkaa. Niliwaza baba na koti jeupe lake alilolitangaza. Nikainamisha kichwa kumwambia binti asogee, kisha nikafanya lililo baya zaidi, nikamsemesha mwenyewe, uso kwa kanga. "Simama, mama."

Akasimama. Peke yake, jamani, bila mkono wa mtu. Akapiga hatua moja, mbili, nne, uso umefunikwa, anapapasa kwa miguu kwenye sakafu asiyoiona, ili mimi nifaulu. Hatua ya tano ndala ikakwama kwenye ukingo wa mkeka wa mazoezi, na goti la kushoto likakatika.

Nilimdaka. Mkono mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, goti langu mbele ya goti lake, kama kwenye mchoro wa kitabu. Hapakuwa na namna nyingine, ningemwacha apasuke kichwa? Mkufunzi alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kwa furaha. "Safi sana," akasema. "Umeona? Mikono hiyo sasa ndiyo mikono."

Yule mama alitulia mikononi mwangu kama mzigo, kanga imedondoka, anatazama sakafu. Kisha akamwambia bintiye, si mimi, "Nipeleke nyumbani."

Nilipata alama ambazo sijawahi kupata tena. Msimamizi alikuwa amempangia yule mama miezi miwili mingine ya kliniki, ili goti liimarike. Mama mkwe akaaga siku iliyofuata, na kliniki hakurudi hata mara moja. Mama yangu alipika pilau kwa ajili ya kufaulu kwangu, na mimi nikaila, maana njaa haina aibu. Aibu nilikuwa nayo mimi. Nilikwenda chooni nikalia kama mtoto, na nilipotoka nikakuta shangazi ananisubiri na kiuno chake.

Niliporudi chuo nikawa nampigia kaka simu kila wiki. "Mama mkwe anatembea?"

"Sasa mimi nitamwona wapi?" anajibu kaka kwa hasira. "Muulize mke wangu."

Mke wa kaka anajibu, "Yupo tu." Nilichukia hilo neno. Yupo tu ni jibu la mtu aliyekaa kwenye kiti pembeni ya mlango anasogezwa kufuata kivuli. Nilijua goti lile lilihitaji nini, na nilijua ni nani aliyelikatisha. Wenzangu walikuwa wananisifu kwa ile alama, nami nikawa nabadilisha mazungumzo.

Mvua za mwaka uliofuata mke wa kaka alijifungua, akaenda kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Kaka alikuwa safarini, nikatumwa kumsindikiza. Tukashuka Bukene, yeye na mtoto mgongoni, mimi na begi kichwani, tukachukua njia inayofuata reli katikati ya mashamba. Njiani sikuuliza chochote. Nilikuwa naogopa kufika.

Hatukuwa tumekwenda mbali nikaona mtu anakuja mbele yetu, mwanamke mwenye fimbo, amekumbatia majani ya maboga. Nilimfahamu kwa mwendo kabla ya uso. Na yeye akanifahamu, kwa sababu alisimama ghafla. Kisha akafanya kile anachotakiwa kufanya mama mwenye heshima zake akikutana na mkwe njiani: akaiacha njia. Akaruka mfereji. Nasema akaruka, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto ukafuata wenyewe. Akapanda tuta la viazi, akashuka, akapanda la pili, la tatu, udongo umelowa, hakuna wa kumshika, akaingia kwenye mahindi akajificha.

Na mimi nilitakiwa kugeuza uso tangu mwanzo. Sikugeuza. Nilikodoa macho kwenye mguu wa kushoto, kisigino, kidole, kisigino, kidole, na begi la watu kichwani.

"Shemeji!" mke wa kaka akanong'ona kwa ukali. "Una wazimu? Angalia pembeni!"

Mahindi yakatikisika. Sauti ikatoka humo ndani, ile niliyoizoea kuisikia kupitia kitambaa, ila mdomo sasa umenyooka. "Mwambie ameshaona," ikasema. "Sasa ageuke."

Nikageuka. Nikaikazia macho reli, machozi yananichuruzika hadi kidevuni, mpaka nikasikia hatua zake zinarudi njiani nyuma yangu na kwenda zake.